Kabla hujakwangua rangi ya Datsun 240Z

Kijana akipata Datsun 240Z, gari la michezo la zamani kutoka Japani, iwe ameirithi kwa babu au ameinunua ikiwa imelala nyuma ya gereji ya mtu, swali analonijia nalo ni moja: "Fundi, tuipige rangi gani?" Mimi ni fundi wa bodi hapa Nairobi na magari ya zamani ndiyo kazi yangu, na jibu langu halibadiliki. Rangi tutaizungumza mwisho kabisa, pengine hatutaizungumza kamwe. Kwanza tujue gari limebaki na nini.

240Z ilizinduliwa mwaka 1969, ikiwa na injini ya L24, silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, lita 2.4. Kwetu Afrika Mashariki jina lake lilijengwa na Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliibuka washindi nayo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, akiwa na Lofty Drews. Ushindi ule ulikuwa wa jasho, maana Mehta alilingana pointi na Harry Källström wa Datsun 180B, ikabidi mshindi apatikane kwa kanuni ya kuvunja sare. Magari yale ya kiwanda yalikuwa mekundu yenye boneti jeusi, weusi usiong'aa, ili mwanga wa jua usimrudie dereva machoni. Ninazitaja habari hizi kwa sababu wengi wenu mnataka gari lenu lifanane na lile la Mehta, na kwa tamaa hiyo mnakwangua rangi ya kiwandani iliyodumu nusu karne.

Kuna njia mbili. Kurejesha ni kulivua gari mpaka bati tupu na kulirudisha lilivyotoka kiwandani. Kuhifadhi ni kuliacha na rangi yake, mikwaruzo yake na viti vyake, ukatengeneza kile tu kinachoharibika au kinachohatarisha maisha. Mimi huanza na kuhifadhi, kwa sababu gari lililohifadhiwa unaweza kulirejesha mwaka ujao ukibadili mawazo. Rangi ya kiwandani ukishaikwangua, hakuna fundi duniani anayeweza kukurudishia.

Kwa hiyo jifunze kusoma bodi. Osha gari kwa maji na sabuni laini, usitumie mashine ya presha, kisha likague asubuhi kabla jua halijawa kali. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini, uipitishe polepole chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na kwenye ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Inaposhika vizuri kuna bati. Inapoteleza na kutaka kuanguka, pana pati nene, yaani kijazio cha kusawazisha mabonde ya bati, chini ya rangi. Gonga hapo kwa mpini wa bisibisi usikilize: bati hulia, pati hunyamaza. Kisha tafuta rangi ya asili mahali ambapo wapuliza rangi wa haraka hawafiki, yaani chini ya zulia, ndani ya mlango ukishatoa kadibodi yake, na nyuma ya dashibodi. Ikiwa ya nje na ya ndani ni moja, na mpira wa kioo hauna ukungu wa rangi iliyopulizwa, una gari adimu. Nakuomba usiliguse kwa msasa.

Rangi ya kiwandani ya 240Z haina tabaka la lakeri, ile angavu ya kuilinda, juu yake kama magari ya leo. Ndiyo maana ikipigwa na jua hupauka na kuwa kama chaki. Wengi wakiona hivyo husema imekufa, kumbe iliyokufa ni ngozi ya juu tu. Paka polishi laini kwenye kitambaa cheupe, usugue kwa mkono sehemu ndogo iliyojificha. Kitambaa kikigeuka rangi ya chungwa kwenye gari la chungwa, usishtuke, ni rangi yenyewe inatoka. Kwa hiyo pia usirudierudie, maana kila mpito unakula unene usiorudi. Mpito mmoja wa upole, nta juu yake, basi. Kwenye kingo za boneti na migongo ya bodi usiguse kabisa, hapo rangi ni nyembamba kuliko unavyodhani.

Sasa chini, na hapa sina huruma. 240Z haina chesi inayojitegemea kama Land Rover. Sakafu, mbavu za pembeni na reli zilizochomelewa chini ya sakafu ndizo zinazobeba gari zima. Chunguza chini ya betri, ambako asidi hudondoka miaka na miaka ikala bati mpaka kwenye reli iliyo chini yake. Inua zulia uone sakafu, kagua shimo la gurudumu la akiba, na nyuma ya matao. Gari lililoishi Mombasa lichunguze mara mbili, kwa sababu chumvi ya bahari haina subira. Bisibisi ikizama kwenye reli kama kwenye mkate, hiyo si historia ya kuhifadhi, ni hatari. Kata, chomelea bati jipya la unene uleule, paka praima, kisha pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya mbavu. Kazi hiyo yote inaweza kufanyika chini bila kugusa rangi ya juu, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote: gari linarudi imara, na anayelitazama kwa nje haoni kama fundi amepita.

Hali kadhalika breki, mipira, mabomba ya mafuta na matairi. Vitu hivi vyote badilisha bila kuulizana. Tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 lina tarakimu nne ubavuni, kwa mfano 1404 ni wiki ya 14 ya mwaka 2004, na tairi la umri huo halifai barabarani hata kama meno yake ni mapya. Injini iliyolala muda mrefu usiipige stata. Toa plagi, tia mafuta kidogo kwenye kila silinda, uyaache yapenye, kisha zungusha kwa spana na mkono. Petroli ya zamani imwage yote, kwa kuwa huacha utomvu unaoziba kabureta.

Kuna wanaodhani gari lililochakaa haliheshimiwi. Februari 2015 huko Paris, Ferrari 250 GT California Spider iliyowahi kumilikiwa na mwigizaji Alain Delon, iliyokutwa bandani chini ya rundo la magazeti, iliuzwa na vumbi lake kwa zaidi ya euro milioni 16. Mwaka 2024 maonyesho ya magari ya Pebble Beach, Marekani, yaliipa tuzo kuu Bugatti Type 59 ya mwaka 1934 iliyohifadhiwa bila kurejeshwa, na ilikuwa mara ya kwanza gari la kundi hilo kushinda. 240Z yako haitafikia bei hizo, lakini macho ya wanaojua magari yamebadilika.

Hata hivyo usiabudu kila mkwaruzo. Ikiwa gari lilishapigwa rangi ya bei rahisi juu ya pati, na pati inapasuka, hakuna asili unayoilinda hapo. Unalinda kazi mbovu ya mtu. Gari la namna hiyo, au lililooza pande zote, lirejeshe kwa moyo wote, na ulirudishie rangi yake ya kwanza, ile uliyoikuta nyuma ya dashibodi. Mwenye gari akisisitiza wekundu wa Safari, mwambie kwa adabu, "Mzee, gari hili lilizaliwa la njano," halafu mwoneshe ushahidi. Uamuzi ni wake, ila aamue akiwa anajua. Na kabla hujawasha mashine ya kukwangua, hesabu fedha: urembo wa kromu, mipira ya madirisha na vitu vya ndani humaliza mfuko kabla injini haijaguswa, na magari mengi yaliyovuliwa hubaki vipande kwenye maboksi.

Ukiamua lolote, piga picha kabla ya kufungua boliti ya kwanza. Namba iliyochongwa kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi usiipitishie grainda wala pati, kwani ndiyo utambulisho wa gari. Andika kila ulichobadilisha na tarehe yake. Vya zamani ulivyovitoa, hata mpira uliopasuka, vifunge kwenye mifuko yenye majina na uvihifadhi. Atakayelinunua gari hilo atataka kuviona, na fundi atakayekuja baada yako atavihitaji ili atengeneze vipya vinavyofanana navyo.