Mteja Aliye Mbali Aelezwe Nini?

SWALI: Mimi ni mkandarasi hapa Kisumu. Mteja wangu anayeishi Mombasa analalamika kwamba ujenzi umekwama, ilhali tumemwaga zege la msingi majuzi tu. Nimweleze vipi?

JIBU: Ndugu mkandarasi, mwandikie kila Ijumaa, hata wiki ambayo hakuna tofali lililoongezwa, kwa kuwa anayetuma fedha kutoka mbali hutishwa na kimya kuliko kuchelewa. Mfafanulie kwamba zege hutunzwa kwa maji angalau siku 7, na kwamba kwa kawaida nguvu yake hupimwa siku ya 28. Kisha mtumie picha ya magunia yaliyoloweshwa juu yake, pamoja na stakabadhi za saruji na kokoto. Iwapo udongo mweusi, ule unaofura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, utakulazimu kuchimba kina kuliko ilivyo kwenye ramani, gharama hiyo aikubali kwa maandishi kabla hujachimba. Hili nalisisitiza sana.