Wanane kati ya 12 wanatosha Florida

Umeuliza kama Florida, Marekani, mtu anaweza kuhukumiwa kifo hata wazee wa baraza (raia 12 wanaosikiliza kesi na kupiga kura) wasipokubaliana wote. Ndiyo, anaweza. Kumtia hatiani bado lazima wote 12 wakubaliane. Ila kwenye adhabu, tangu Aprili 2023 kura 8 zinatosha kupendekeza kifo. Kabla ya hapo, sheria ya 2017 ilitaka wote 12.

Kilichobadilisha mambo ni kesi ya Parkland, mji wa Florida ambako watu 17 waliuawa shuleni mwaka 2018. Mwaka 2022 wazee 9 walitaka kifo, 3 wakakataa, muuaji akapewa kifungo cha maisha. Wazazi walitoka mahakamani wakilia, na siwalaumu hata kidogo. Muswada wa kura 8 ukapita miezi michache baadaye.

Mimi naupinga kabisa. Florida ndiyo jimbo la Marekani lililoongoza kwa watu waliohukumiwa kifo kisha wakaonekana hawana hatia. Fikiria chumba kile: wanne wamesema hapana, wamekaa mezani na wenzao, wamesikia ushahidi uleule, na bado mtu anapelekwa kuuawa. Hata jimbo la Alabama wanataka kura 10.