Shangazi, mke wangu ananificha pesa za dagaa

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Buhongwa, Mwanza. Nilimaliza chuo miaka mitatu iliyopita, sasa ni afisa mauzo kwenye kampuni moja mjini, mshahara laki saba. Mke wangu hakusoma sana, anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Tatizo lake ni ubinafsi. Kikoba chao kimevunjwa, amepata laki sita. Nikamwomba anisaidie kulipa mikopo ya simu, kama laki tatu na arobaini hivi, inayobaki nifungue uwakala. Safari hii amekataa katakata, pesa kaipeleka kwa dada yake. Mimi silewi, sina mchepuko, wikiendi tu ndiyo natumia kidogo na washkaji. Mama anasema mwanamke akishaficha pesa, moyoni ameshaondoka. Nifanyeje? Ngosha wa Buhongwa.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa madeni, najua wale wakopeshaji wanavyopiga simu mpaka kwa mashemeji. Pole yangu imeishia hapo.

Umeandika "safari hii". Nimeisoma mara tatu. Kumbe kulikuwa na safari ile! Pesa ya safari ile ilirudi? Ingerudi ungeitaja, maana kwenye barua hii hukuacha sifa yako hata moja. Na hiyo "kidogo na washkaji", mtu asiyelewa anaitumia kwenye nini? Jumamosi na Jumapili ndizo siku za mipira ya Ulaya. Ni mkeka wa kubeti, baba. Nikikosea nisahihishe, ila nahisi mkeo alishaziona meseji kabla yangu.

Halafu hiyo laki saba unayoitangaza. Huna laki saba. Toa asilimia 10 ya NSSF, 70,000. Inabaki 630,000, serikali inachukua kodi yake 42,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 105,000, na usinung'unike, ndiyo iliyokusomesha ukapata cheti unachomringia mwenzio. Mkononi unashika 483,000. Wewe unaishi kama mtu wa laki saba, tofauti unaijaza kwa simu. Shimo la 217,000 kila mwezi, unashangaa nini?

Sasa nikueleze kazi ya mkeo, maana naona unalala naye na huijui. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inakaa ufukweni siku kadhaa, dagaa wanaadimika, bei inapanda. Mvua ikiwakuta wameanikwa wanaoza, wanaishia kuwa chakula cha kuku. Wewe una tarehe ya mshahara. Yeye hana, ana mbalamwezi na mawingu. Asipokuwa na laki mbili tatu pembeni, giza likirudi atanunua mzigo kwa nini? Kwa cheti chako? Ile laki sita ni mzigo wa miezi ijayo. Kumwomba mchuuzi mtaji ukalipie madeni ya mkeka ni sawa na kumwomba mvuvi akate nyavu upate kamba ya kuanikia nguo.

Mama yako nampa heshima yake, lakini hapa kapotea. Mwanamke aliyeondoka moyoni hafichi pesa kwa dada yake, anafungasha na yeye mwenyewe. Huyo bado yupo. Anaficha chakula chenu cha mwezi ujao, na anayemficha ni wewe.

Tena siku hizi ndoa zenu zinaanzia kwenye madeni, mimi nimechoka kulisema hili. Kamati ya harusi vikao kumi na viwili, michango mpaka kwa mtu mliyesoma naye darasa la nne, sare, ukumbi, mpiga picha na kamera yake inayoruka. Jumatatu maharusi wanaamka kwenye sofa la mkopo wanatazamana. Wazee walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga. Nanyi mnajibu, "tumia pesa ikuzoee". Haya, imekuzoea mpaka inakuita kwa jina saa kumi na mbili asubuhi: "Ndugu mteja". Sijui sofa lako ulilipataje. Simo.

Fanya hivi. Leo jioni kaa na mkeo, simu yako mezani, umsomee madeni yote, hata lile ambalo hukuniandikia. Angalia kila aliyekukopesha kama ana leseni, maana Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za kukopesha zisizo na leseni. Zenye leseni lipa kwa mshahara wako, ukianza na ile yenye riba kali. Ikiisha, ifute kwenye simu siku hiyohiyo. Ukijibana laki moja kwa mwezi, ndani ya miezi minne mitano umetoka, kama hukopi kwingine. Mambo ya uwakala sahau kwanza. Mtu ambaye hela yake mwenyewe haimkai mkononi hakabidhiwi hela za watu.

Ile pesa ya safari ile irudishe, hata kwa elfu ishirini ishirini. Usimwambie unamrudishia ili na yeye alete ya kikoba, atacheka. Mrudishie unyamaze. Na Jumamosi mbili hizi, badala ya washkaji, nenda naye Mwaloni alfajiri ukabebe magunia. Utaona mtu ambaye "hakusoma sana" anavyopiga hesabu ya gunia na sado kichwani huku anajibu salamu.

Mwambie pia Shangazi anaomba sado moja ya dagaa wa juani, wasio na mchanga. Nitalipa taslimu.