Vipande vyeupe vinavyoanguka roketi inapoondoka: jibu la fundi wa majokofu

Ndugu uliyeuliza kama roketi uliyoiona kwenye video ilikuwa inavunjika, kwa kuwa ilipukutisha vipande vyeupe ilipoanza kunyanyuka: vipande vile kwa kawaida huwa ni barafu. Mimi ni fundi wa majokofu katika kiwanda cha samaki hapa Entebbe, na barafu ya namna hiyo ndiyo kazi yangu. Bomba linalorudisha gesi baridi kwenye kompresa huvikwa barafu nene, maana unyevu wa hewa ya ziwani huganda juu yake, na kompresa ikiwashwa mtikisiko huibandua ikamwagika sakafuni. Roketi nyingi hubeba oksijeni iliyogeuzwa kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri, kwa hiyo injini zinapounguruma barafu iliyoganda kwenye tangi hupukutika vivyo hivyo. Wahandisi hulitarajia jambo hilo.

La kutia hofu ni kipande kinachobanduka juu, mbele ya kitu kinachoweza kudhurika, na hapo wepesi wake si kinga. Tarehe 16 Januari 2003, sekunde 81 hivi baada ya Columbia, chombo cha anga cha Marekani kilichobeba wanaanga, kuondoka, povu la kuhami joto lisilofikia kilo moja lilibanduka kwenye tangi lake. Kwa kuwa lilikuwa jepesi, hewa ililipunguza mwendo papo hapo, huku chombo kikizidi kukimbia, hata bawa la kushoto likaligonga kwa takriban kilomita 800 kwa saa na kutoboka ukingoni. Tarehe 1 Februari, wakati wa kurejea duniani, hewa yenye joto kali ilipenya kwenye tundu hilo, chombo kikasambaratika na wanaanga wote saba wakafariki.

Nasi Waganda jambo hili limetupitia karibu. Satelaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliondoka Wallops, Virginia, tarehe 7 Novemba 2022, saa saba na nusu mchana kwa saa zetu, ikiwa ndani ya chombo cha mizigo cha Cygnus juu ya roketi ya Antares. Niliitazama kwenye simu kazini, na furaha yangu iligeuka wasiwasi iliposikika kwamba paneli moja ya sola kati ya mbili za Cygnus haikufunguka. Ilibainika kwamba kipande cha blanketi la kupunguza kelele, kilichochomoka sehemu za roketi zilipokuwa zikiachana, kilinasa kwenye mtambo wa kuifungulia. Namshukuru Mungu kwamba umeme wa paneli iliyobaki ulitosha: Cygnus ilifika kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 9, na satelaiti yetu ikaachiliwa angani tarehe 2 Desemba.

Kwa hiyo itazame tena video yako ukizingatia wakati na mahali. Vipande vyeupe vinavyoteremka ubavuni mwa tangi katika sekunde za mwanzo, roketi ikiwa bado karibu na mnara, visikutishe. Kinachochomoka baadaye karibu na mzigo ndicho wahandisi hukitafuta kwenye kamera, picha kwa picha.