Kupima unyevu wa udongo bila kungoja oveni hadi kesho

Wenzangu mnaopima udongo kwenye barabara za huku Malindi mnaijua hali hii: rola iko tayari, dereva wa bauza, lile lori la maji, anauliza amwage maji au asimwage, na jibu la oveni ni la kesho. Oveni ndiyo kipimo cha kuaminika, nyuzijoto 105 hadi 110, kwa kawaida usiku kucha, mpaka uzito usipungue tena. Ila kazi haingoji.

Jiko la gesi na karai linafaa sana kwa mchanga mwekundu wa Magarini. Koroga tu usiache. Tope la mto Sabaki lenye mabaki ya majani usilipeleke huko: majani yakiungua uzito hupungua, nawe utadhani ni maji yaliyotoka.

Maikrowevu ndiyo naipenda zaidi. Anza na dakika 3, pima, kisha rudisha dakika moja moja mpaka tofauti ya uzito iwe ndogo kuliko asilimia 0.1. Tumia chombo cha kioo au kauri, kamwe si bati. Ondoa mawe kwanza, maana yenye maji ndani huweza kupasuka. Na tafadhali, maikrowevu hiyo isipashiwe chakula tena.

Chupa ya kabaidi, ile yenye geji ambamo udongo huchanganywa na unga wa kabaidi na kufungwa, ndiyo ya haraka kuliko zote. Kabaidi ikikutana na maji hutoa gesi ya asetilini, na geji husoma shinikizo lake. Dakika chache tu una jibu. Ifungue mbali na moto, gesi hiyo inawaka. Madonge ya mfinyanzi yasiposagika, kabaidi haifiki ndani na jibu huwa dogo. Kisha kuna hesabu ambayo wengi huiruka: geji hulinganisha maji na udongo mbichi, oveni na udongo mkavu. Udongo wa gramu 120 ukibaki gramu 100, oveni inasema 20%, chupa inasema 16.7%. Gawanya 0.167 kwa 0.833 (yaani 1 toa 0.167) ndipo upate 20%. Usipofanya hivyo, utamwambia dereva aongeze maji yasiyohitajika.

Udongo wa karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni una jambo lake: maji huondoka, chumvi hubaki ikahesabiwa kama udongo. Hapo hata oveni husoma pungufu.

Kila udongo mpya mimi huugawa, nusu oveni, nusu njia ya haraka. Majibu yakiachana kwa zaidi ya asilimia moja, udongo huo nauachia oveni, na kontrakta atangoja.