Gari la baridi, parachichi Njombe hadi Mombasa: usisaini kabla hujalichoma tunda kipimajoto

Mkuu, weka pembeni kwanza habari za posho. Umeandika kwamba unaanza kazi ya kuendesha gari la baridi la parachichi, ukauliza hili na lile, na kwamba meneja wa huko amekwambia kuhusu karatasi ya mzigo, "Wewe saini tu, mashine inajiendesha yenyewe." Hapo hapo ndipo nilipozikwa mimi, kwa hiyo naruka salamu.

Mashine ya baridi ya kontena haikuwekwa pale kupooza mzigo uliokuja na moto wake. Kazi yake ni kutunza ubaridi ambao mzigo umeingia nao, kama chupa ya chai: ukimimina chai ya uvuguvugu, usitegemee itachemkia humo. Parachichi linatakiwa lipoozwe kwenye chumba cha baridi cha kiwandani mpaka nyama ya ndani ifike kama nyuzi 5 au 6, ndipo lipakiwe. Likiingia na joto la shambani linaendelea kupumua, linatoa joto lake lenyewe, linaanza kuiva humo humo kwenye boksi, na wewe uko mbele unapiga miluzi.

Halafu Njombe inadanganya. Unapakia usiku umevaa koti, ukigusa boksi ni baridi, mikono yako yenyewe imekufa ganzi. Tunda lilichumwa mchana juani, na karibu na kokwa bado lina moto. Kiganja kitajuaje? Mimi niligusa boksi, nikatikisa kichwa kama mtaalamu wa kilimo, nikasaini. Na kwenye karatasi ya mzigo nafasi ya joto ilikuwa imeshachapwa nyuzi 6 kabla gari halijarudi nyuma kwenye mlango wa kupakilia! Sikuuliza nani kapima. Supavaiza alikuwa anafoka kwamba meli ina saa yake ya mwisho ya kupokea makontena, na dereva mmoja mkongwe niliyekuwa namheshimu akanipiga bega: dereva ni usukani, mambo ya parachichi waachie wenye parachichi. Nasikia siku hizi amestaafu, anakula bata mjini. Heri yake, ila ushauri wake angekaa nao.

Njiani kioo cha mashine kilisoma 5, nami nikatulia. Kumbe ile ilikuwa hewa inayotoka kwenye mashine kuingia kwenye mzigo. Kuna usomaji mwingine, wa hewa inayorudi baada ya kupita kwenye maboksi. Ule ulikuwa juu tangu tunaondoka na haukushuka. Kuuona ni kubonyeza kitufe tu, lakini nani aliniambia? Mlima Kitonga tukakuta lori limelala kwenye kona, foleni mpaka kunakucha. Usiku kucha mimi na utingo wangu tunalinda dizeli ya jenereta inayoendesha mashine, kama tunalinda benki. Tukateremka Ruaha Mbuyuni kwenye joto lile, Mikumi, Morogoro, Chalinze, Segera, Tanga, tukavuka Horohoro. Jenereta haikuzima hata dakika moja. Nilijiona dereva wa mwaka.

Mombasa, wakala akakata sili mbele yangu, akachomoa kipimajoto chenye mwiba kama sindano ya ng'ombe, akakichomeka kwenye tunda. Nyuzi 15. La pili hivyo hivyo. La tatu likabonyea kidoleni. Mzigo wa Ulaya una wiki kadhaa za baharini. Tunda lililoanza kulainika Mombasa linafika kule likiwa kachumbari. Kontena zima likakataliwa.

Unajua kesi ilimwangukia nani? Wenye mzigo walisema nimezima jenereta Kitonga nikauza dizeli. Mimi, niliyekosa usingizi kwa ajili ya dizeli yao! Kumbukumbu ya mashine ikatolewa, ikaonyesha iliwaka muda wote na hewa inayorudi ilikuwa ya moto tangu saa ya kwanza. Nikadhani nimepona. Wakaweka ile karatasi mezani: nyuzi 6, hali nzuri, saini ya dereva. Tajiri wangu, mwenye gari, hakutaka kumpoteza mteja, akaona rahisi kunikata mimi. Nimelipia parachichi ambazo sikuonja hata moja, na mpaka leo mke wangu akileta parachichi mezani wanangu wanacheka.

Kwa hiyo sikiliza. Nunua kipimajoto chako cha kuchoma, usisubiri cha kampuni. Usikubali kupima boksi unaloletewa na supavaiza. Chagua mwenyewe, la katikati ya paleti, na paleti za mwanzo, za kati na za mlangoni. Choma mpaka karibu na kokwa, subiri namba itulie, piga picha. Wakinung'unika kwamba unaharibu matunda, waache wanung'unike, matunda matano hayafiki bei ya kontena. Namba uliyosoma iandike kwa mkono wako kwenye nakala zote, juu ya hiyo waliyochapa. Ikiwa juu, mpigie tajiri kabla mlango haujafungwa, na akisema ondoka hivyo hivyo, mwambie aandike kwenye meseji. Bila meseji, usiwashe gari.

Umeuliza pia ukichelewa ukimbize vipi ili uwahi meli. Usikimbize. Tochi za trafiki za kupima mwendo zinakusubiri kwenye kila kibao cha 50, na saa utakazookoa hazirudishi joto lililoingia Njombe. Mengine uliyouliza, sijui kulala mpakani, sijui utingo analipwa na nani, wadau watakujibu, mimi nimeshapandwa na presha.

Umesema unapakia Alhamisi. Muombe meneja nakala tupu ya karatasi yao ya mzigo. Kama nafasi ya joto imeshachapwa namba, ipige picha, funika majina, iweke hapa tuione kabla hujapanda gari.