Mguu Usiouma: Maswali ya Wenye Kisukari

Shikamoo nesi. Baba ana kisukari mwaka wa tisa. Leo kaamka na alama za meno kwenye kidole gumba cha mguu, shuka lina damu, naye anasema hakusikia kitu. Inawezekana? (Tanga)

Marahaba. Inawezekana kabisa. Panya huuma huku akipuliza, lakini kwa mguu wa baba hana haja ya kupuliza. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, mguu ukafa ganzi. Madaktari wa Dar es Salaam wameshaandika kuhusu wagonjwa wa namna hii waliotafunwa na panya usingizini. Mpeleke hospitali leo hii akasafishwe kidonda, na muulizie sindano ya pepopunda. Usiku alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.

Vijana wanaopita mtaani kupaka rangi kucha hunikwangua sugu kwa wembe. Kuna ubaya? (Mbagala)

Upo, tena mkubwa. Akikukata hutasikia. Na sugu haioti bure: kiatu kinabana, au uzito unaegemea sehemu moja, na chini yake huenda kidonda kimeshaanza. Ipunguzwe kliniki.

Miguu yangu ni ya baridi, kila jioni naitia kwenye maji moto yenye chumvi. (Mombasa)

Acha, mama. Nimempokea mgonjwa mwenye malengelenge mpaka kwenye vifundo, akiapa kwamba maji yalikuwa vuguvugu. Mguu uliokufa ganzi haupimi joto. Pima kwa kiwiko. Osha haraka, kausha katikati ya vidole, paka mafuta kwingine kote isipokuwa hapo katikati. Ubaridi wenyewe unaweza kuwa dalili kwamba damu haifiki vizuri, kwa hiyo mwombe daktari apime mapigo ya mguuni. Kwa sasa vaa soksi za pamba zisizobana.

Kandambili zinafaa? (Arusha)

Zinashinda kwenda peku, basi. Nunua kiatu kipana kinachofunika vidole, na ukijaribu jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo. Kikung'ute kila unapovaa.

Nina kidonda chini ya unyayo. Hakiumi, kwa hiyo nasubiri miadi ya mwezi ujao. Naweka asali. (Morogoro)

Kutouma ndiko kunakonitisha. Usiweke asali wala dawa ya meno. Osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, nenda kesho asubuhi bila kujali miadi. Kikinuka, kikivimba au ngozi ikiwa nyeusi, usingoje hata hiyo asubuhi. Na upande bodaboda. Mguu huo usiukanyagie.